Siku za Kungoja Meli Ujiji

Nilifundisha jiografia zaidi ya nusu ya maisha yangu, miaka mingi zaidi nikiwa Gitting, chini ya mlima Hanang, na kila mwaka nililichora Ziwa Tanganyika ubaoni kwa chaki ya bluu. Nililichora refu na jembamba, kama pilipili inayoning'inia kwenye mti. Niliwaambia wanafunzi kuwa ni la pili kwa kina duniani, wakaandika, tukaendelea na Ziwa Nyasa. Mimi mwenyewe sikuwahi kuliona, na kusema kweli sikuwa na hamu. Mimi ni mtu wa Daudi, kijiji cha milimani huko Mbulu. Maji ninayoyajua mimi ni ya kisima, ya bwawa la kunyweshea ng'ombe, na ule ukungu wa asubuhi unaolowesha suruali hadi magotini ukipita shambani.

Mke wangu alikulia mbele ya ziwa hilo. Kijiji chao kiko kusini ya Kigoma, pembeni kabisa ya maji, mahali ambapo gari halifiki. Serikali ilimpanga uuguzi Mbulu angali msichana, akapanda milima yetu na sanduku la bati na sweta nyepesi isiyoweza kuzuia hata upepo wa jioni. Tulioana, tukazaa, tukalima mahindi na vitunguu saumu, akachoma sindano nusu ya watoto wa Nambis na Daudi. Kwao alirudi mara mbili tu, mara zote akiwahi mazishi, na mara zote alikwenda peke yake kwa sababu mtu alipaswa kubaki na mifugo.

Alipostaafu, mwaka mmoja baada yangu, watoto wetu walichangishana. Binti mkubwa alitupigia simu kutoka Arusha akasema tumekatiwa safari ya meli hadi kwao mama, chumba cha daraja la kwanza, na kwamba tumepangiwa kufika Kigoma siku kadhaa kabla ili tutembee, tuuone mji wa zamani wa Ujiji, tupumzike.

"Mfanye utalii na nyie," alisema. "Wazungu wanatoka mbali kuja kuona nchi yetu, nyie mnakaa na ng'ombe."

Mke wangu alikaa kwenye kigoda, akaiweka simu mapajani, akatazama ukuta. Halafu akainuka akaanza kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Mimi nilikuwa na ng'ombe mwenye mimba kubwa. Nilimkabidhi mdogo wangu, ambaye ameishi na ng'ombe kuliko mimi, nikampa maelekezo hadi akanikatiza.

"Kaka, nenda. Huyu ng'ombe hajakuomba ruhusa ya kupata mimba, na hatakuomba ruhusa ya kuzaa."

Tulishuka mteremko wa Magara, tukapita Babati na Katesh, tukalala Singida. Kesho yake tulikaa ndani ya basi siku nzima tukielekea magharibi. Nchi ilikuwa tambarare na kavu, baadaye ikawa misitu, baadaye vilima vyekundu vyenye migomba. Niliona kitu ambacho sikukitegemea: kadiri tulivyosogea, mke wangu alizidi kukaa wima. Katika milima yetu yeye ni mtu wa kukunja mabega kwa baridi. Watu wa kwetu wanamjua kama nesi mpole, asiyesema sana. Baada ya Kasulu alifungua dirisha, akaanza kuzungumza na mama aliyekaa kiti cha mbele, na nilipomsikiliza sikuitambua sauti. Ilikuwa juu kidogo na ya haraka, na maneno mengine sikuyaelewa.

Tulifikia nyumba ya wageni iliyokaa mtelemkoni, na uani kwake ziwa lilionekana lote. Nililitazama mara moja tu, nikageuka kutafuta mahali pa kuchaji simu. Halikuwa na upande wa pili. Ng'ambo niliyoichora miaka yote kwa mstari wa chaki haikuwapo; kulikuwa na weupe tu, kama maziwa yaliyomwagika angani.

Asubuhi nilipoamka hakuwapo chumbani. Nilimkuta uani na mwenye nyumba, mjane mnene wa rika letu, wameketi chini wakichambua dagaa kwenye ungo. Kitenge alikuwa amekifunga chini ya kwapa kama ambavyo sijawahi kumwona akikifunga. Alikuwa anacheka hadi shingo imeelekea nyuma.

"Shikamoo, mzee," aliniamkia binti wa mwenye nyumba aliyekuwa akifagia.

"Marahaba."

"Mgeni wetu amelala vizuri?"

Nilijibu kuwa nimelala vizuri. Lile neno, mgeni, lilibaki nami hadi nilipomaliza chai. Nilijiuliza mke wangu aliitwa hivyo mara ngapi kule kwetu. Hata baada ya kuzaa mtoto wa tatu, shangazi zangu waliendelea kumtambulisha kama "mke wa mwalimu, yule wa Kigoma".

Siku hiyo tulianza na stesheni ya reli, jengo kubwa jeupe la Wajerumani lenye matao. Hilo nililipenda. Niliufuata ukingo wa reli hadi mwisho wake kabisa, pale ambapo chuma kinakoma na nyasi zinaanza, nikasimama nikifikiri habari ya watu walioisukuma reli kutoka pwani hadi hapa. Ningeweza kukaa hapo hadi mchana. Lakini mke wangu alikuwa na mpango wake. Tulipanda bajaji hadi Ujiji.

Kwenye makumbusho tulipokewa na mama mmoja mwenye miwani, mwangalifu wa maneno. Alituonyesha sanamu za wazungu wawili wanaosalimiana kwa kuvua kofia, mahali walipokutana zamani mmoja akiwa amepotea na mwingine akimtafuta. Alitueleza kuhusu misafara, pembe za ndovu, na watu waliofungwa minyororo wakatembezwa kwenda pwani. Wanafunzi wangu walikuwa wakiuliza kila mara, watu hao walipita Hanang? Nilikuwa nawajibu kuwa njia kuu ilipita kusini yetu, Tabora na Dodoma, wakaonekana kufarijika. Nilitaka kumweleza hilo mke wangu. Nilipogeuka alikuwa amesimama mbele ya mnyororo uliotundikwa ukutani, mkono umefunika mdomo.

"Bibi yetu alikuwa akituambia tusicheze mbali na nyumba," alisema. "Na wakati huo hakukuwa na mtu wa kutukamata tena. Yeye alirithi woga kwa bibi yake. Walikuwa wanapanda mlimani na watoto mgongoni, wanalala huko, moto hawawashi."

Tulioana zamani sana, na sikuwahi kusikia habari hiyo. Simu ilitetema mfukoni, nikaitoa haraka kama mwanafunzi. Alikuwa mdogo wangu.

"Amezaa?" niliuliza.

"Bado. Nilitaka kukuuliza ile dawa ya kupe uliiweka wapi."

Nilitoka nje kumweleza. Niliporudi mke wangu alikuwa ameshamaliza vyumba vyote.

"Mwalimu," alisema, "umekuja kuona mji au kuona simu?"

Sikuwa naona chochote vizuri, huo ndio ukweli. Ujiji ni mji wa kuutembea taratibu. Nyumba zake ni fupi, za udongo na bati lenye kutu, na baadhi zina milango ya mbao iliyochongwa maua. Wazee wamevaa kanzu na kuketi barazani, wakakuuliza hali yako, ya nyumbani, ya safari, na ya hao uliowaacha, wote kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Mwingine angekaa hapo akafurahi. Mimi nilikuwa najibu nikiwa nimeshatanguliza mguu. Joto lilinikaa kichwani. Nilihesabu wingu kwa wingu nikitafuta mvua ambayo haikuwa na sababu ya kunyesha. Kila tulipokata kona, ziwa lilitokea mwisho wa mtaa, na kila lilipotokea nilihisi kama mtu aliyesimama karibu mno nami.

Sokoni mke wangu aliuliza bei ya migebuka, wale samaki warefu wa rangi ya fedha, na mwuzaji akaacha kazi yake akamkazia macho.

"Wewe ni wa kusini huko," alisema. "Mnavyovuta maneno ninyi! Umekaa wapi muda wote huu?"

"Mbulu."

"Ndiyo wapi?"

"Kwenye baridi," alijibu mke wangu, wote wawili wakacheka.

"Na huyu mzee?"

"Huyu nilimkuta kwenye hiyo hiyo baridi."

Alinunua pia chupa ya mawese, nikakumbuka mawese ya kwanza aliyoletewa Daudi, mwaka ule tulipooana. Marehemu mama yangu aliikuta chupa jikoni, akaona wekundu wake, akainusa, akaamini kuwa mkwe wake wa hospitali ameleta dawa ya mifugo. Alilipaka dume lililokuwa na kidonda cha nira. Mke wangu aliporudi kutoka kazini akakuta chupa tupu na dume linang'aa. Alicheka siku hiyo mbele ya mama. Nilimkuta baadaye nyuma ya zizi akilia, akasema ni moshi. Kidonda kilipona, na mama akasimulia kanisani.

Nilimkumbusha kisa hicho pale sokoni, nikitaka tucheke pamoja. Alitabasamu.

"Yalikuwa yametoka kwa mama yangu," alisema. "Aliyakamua mwenyewe."

Siku ya meli ilipofika, tuliambiwa haijaondoka bandari ya kaskazini mwa ziwa, tungoje. Mke wangu hakujali hata kidogo. Alisema kama ni hivyo ataonana na Mama mwenye nyumba waende kutazama mafundi wanaotengeneza mitumbwi. Mimi nilitelemka bandarini peke yangu nikazunguka. Nilisoma kila tangazo lililobandikwa. Nilimwuliza mlinzi kama maboya ya kujiokolea hukaguliwa, akanijibu kwa heshima kuwa hukaguliwa, nikamwuliza tena kwa maneno mengine. Nilirudi nyumba ya wageni nikapanga begi, nikalipangua, nikapanga upya. Nilipiga simu Daudi. Bado. Nilipiga simu kwa binti yangu nikamwambia mambo ni mazuri sana.

Mchana mke wangu alirudi na unga wa mbao kwenye nywele. Nilikuwa nimeshayaandaa maneno.

"Mama, mimi nafikiri hivi. Meli haijulikani. Tungerudi nyumbani tukangoja mwezi ujao, ng'ombe akiwa ameshazaa, na maharage yameshavunwa. Tiketi watazibadilisha tu."

Alivua viatu, akavipiga pamoja kuondoa mchanga, akaviweka mlangoni.

"Nilipopangiwa Mbulu," alisema, "nilikuwa sijaona mlima wenye barafu ya asubuhi kwenye majani. Hakuna aliyenijua. Lugha yenu nilidhani watu wanagombana. Nilifika, nikashuka kwenye lori la mahindi, nikauliza zahanati iko wapi. Sikuuliza tiketi inabadilishwa vipi."

"Siyo ng'ombe," nilisema.

"Najua siyo ng'ombe."

"Ni kwamba tangu tumefika hapa wewe ni mtu mwingine. Unacheka. Unakula. Watu wanakusalimia kama waliagana nawe jana. Na tutakapofika huko kwenu kabisa..." Sikumalizia. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na nilikuwa nashindwa kumaliza sentensi. "Naogopa hutarudi."

Nilitegemea acheke, aniambie mzee umechanganyikiwa na jua. Hakucheka. Alikaa kitandani kando yangu, mikono ikinuka samaki.

"Hata mimi sijui," alisema. "Ndiyo maana sikutaka kulizungumza. Lakini nataka uje uone. Kama ni kuogopa, uogope kitu ulichokiona."

Meli ilikuja kesho yake. Ilikuwa kubwa na ya zamani, imepakwa rangi juu ya rangi, na gati lilijaa magunia ya dagaa, mananasi, magodoro, kuku na akina mama waliojua kabisa wanakokwenda. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, kimoja juu ya kingine, na dirisha la duara. Watoto walikuwa wamedhani ni kama zile meli za televisheni zenye mabwawa ya kuogelea. Nilikaa kitanda cha chini nikashika nguzo. Honi ilipolia niliihisi kwenye meno. Baadaye sakafu ilianza kutikisika polepole, na nilifumba macho kama mtoto anayechomwa sindano, na mchoma sindano akiwa amekaa mbele yangu akinitazama.

Sikutoka hadi kulipokucha. Alinivuta mkono.

"Njoo, kuna kitu chako huku nje."

Nilimfuata nikishikilia kila chuma. Kushoto kwetu milima ilikuwa imesimama moja kwa moja kutoka majini, mikali, myeusi, na kulia, mbali, milima ya Kongo ilikuwa imejitokeza. Nilielewa mahali nilipo. Lilikuwa ni lile lile bonde la ufa, tawi lake la magharibi. Huko kwetu ukisimama juu ya Magara unaona ukuta wa bonde umeanguka na Ziwa Manyara liko chini kama sahani. Hapa nilikuwa chini, ndani ya sahani yenyewe, na ukuta uko juu yangu. Nilianza kumweleza, nikionyesha kwa kidole mahali ardhi ilipopasuka na kuzama, na abiria wawili watatu wakasogea kusikiliza. Nilifundisha labda robo saa. Woga haukuondoka. Ila ulipata kazi ya kufanya.

Katika vijiji vya njiani hakukuwa na gati. Meli ilipiga honi na kusimama katikati ya maji, mitumbwi ikatoka ufukweni kwa fujo, ikagombea ubavu wa meli huku watu wakishuka na kupanda kwa mlango wa chini. Niliyatazama hayo katika vijiji vitatu vinne nikijua zamu yetu inakuja. Ilipofika, mke wangu alikunja kitenge, akaliachia begi likadakwa, akashuka kama anayeshuka ngazi ya kanisani. Mtumbwi uliyumba, yeye akayumba nao. Kisha akageuka na kuninyooshea mkono.

"Usitazame maji. Nitazame mimi."

Niliyatazama maji. Yalikuwa safi hadi nikaona miale ya jua ikizama ndani yake na kupotea. Halafu nikamtazama yeye, nikaruka vibaya, nikaangukia gunia la muhogo la mtu. Mtumbwi mzima ulicheka. Mmoja akasema kwa Kiswahili, ili nielewe, "Karibu, shemeji!"

Ufukweni dada yake mkubwa alikuwa amesimama ndani ya maji hadi mapajani, na nguo zake zote, akilia kwa sauti. Walishikana hapo hapo. Mimi nilibaki mchangani na mabegi, nimelowa kiatu kimoja.

Tulikaa hadi meli ilipopita tena. Nililala kwenye nyumba aliyozaliwa, nikaona kilima walikokimbilia wale bibi, nikasimama kwenye kaburi la mama mkwe ambaye sikuwahi kumwona. Kila siku nilitamani kuondoka na kila siku niliona aibu kutamani. Dada yake alikuwa mgonjwa wa miguu na shamba lilikuwa limemshinda. Honi ya meli iliposikika, begi la mke wangu lilikuwa bado ukutani, limetundikwa.

"Tangulia," aliniambia. "Nimsaidie huyu kuvuna. Nitakuja."

Sikumwuliza lini. Nilipanda ubavu wa meli peke yangu, na mara hii nilidakwa na mikono ya watu nisiowajua.

Nyumbani nilikuta ng'ombe ameshazaa bila mimi, nikakaa kama mtu aliyesahau kitu na hakikumbuki. Ngano iliiva, nikavuna. Watu walikuja kuniuliza habari za nesi, wengine kwa huruma, kana kwamba nimeachwa, wengine wakitaka tu wapimwe presha. Simu huko kwao haishiki ila mtu akipanda kilima, kwa hiyo alinipigia akihema. Aliniambia juu ya muhogo, miguu ya dada, upepo. Mimi nilimwambia juu ya baridi. Mara nyingine nilisikiliza tu pumzi zake zikitulia.

Alirudi mvua za masika zilipoanza, amekonda, amekolea rangi kwa jua. Nilimpokea Mbulu mjini na koti langu zito mkononi. Alilivaa, akakunja mabega kama zamani. Wiki ya kwanza alitembea nyumba nzima akishika vitu na kuviacha. Nilimwachia. Jioni moja, tukimenya maharage mabichi barazani, nilimwuliza kama sasa atakaa.

"Nitakaa," alisema. "Halafu nitakwenda. Halafu nitarudi. Wewe utakuwa unakuja au hutakuja, utaamua mwenyewe."

"Nitakuja. Ila safari ijayo tufike siku ile ile ya meli. Zile siku za Ujiji zilinimaliza."

Alimenya ganda moja, akatupa maharage kwenye sufuria.

"Mimi zile ndizo nilizozipenda kuliko zote," alisema. "Nilikuwa sijafika kwetu, na sikuwa kwenu. Nilikuwa natembea tu mjini na mume wangu."

Nilimtazama nione kama ananitania. Alikuwa ameshachukua ganda jingine.